Shanga za hamira na mnara wa magunzi: ninavyotengeneza siki ya ndizi hapa Moshi

Kwa miaka mitatu nilikuwa nikimwaga kitu nilichokinunua kwa hela yangu. Mvinyo wa ndizi ukishachacha unauchuja, na chini ya ndoo linabaki tope la rangi ya maziwa. Lile tope ni hamira, na sehemu yake kubwa bado ni hai. Mimi nilikuwa naimwagia migomba nyuma ya nyumba, hapa Rau, halafu asubuhi nakwenda dukani kununua pakiti nyingine. Ni kama mwenye duka la kushona anayefukuza mafundi kila jioni na kuajiri wapya alfajiri.

Nilikuwa fundi wa maabara katika shule ya sekondari kwa miaka 22, kazi ya kuosha bureti (mirija ya kioo yenye vipimo) na kuandaa titresheni, yale majaribio ya kupima asidi, za kidato cha nne. Nilipostaafu nikaanza siki, kwa kuwa watengeneza achari mjini walikuwa wanaiuliza. Ninachoeleza hapa ni jinsi ya kuwafunga vijidudu mahali pamoja wakiwa hai, chakula kikawapitia, wao wakabaki. Viwandani wanaita kazi hii kwa majina marefu. Mama mkwe wangu wa Kibosho hakuhitaji jina. Pipa lake la mbege, pombe ya ndizi na ulezi, halijawahi kuguswa na sabuni, na binti yeyote aliyetaka kulisugua alikuwa anaambiwa, "Mwanangu, ukiliosha hilo, ulezi wako utaunywa ukiwa uji." Alikuwa anajua kwamba mbao za pipa zimeshika kitu, na kwamba hicho kitu ndicho kinachofanya kazi.

Siki hutoka kwa hatua mbili, na kila hatua ina wafanyakazi wake. Kwanza hamira inakula sukari na kutoa kilevi. Kisha bakteria wa siki wanachukua kilevi na hewa, wanatoa asidi. Wa kwanza nawafunga ndani ya jeli. Wa pili nawaacha washike magunzi wenyewe. Sababu ya kuwatenganisha nitaisema nikifika kwenye mnara, yaani pipa la magunzi, maana watu wengi wanaijaribu jeli kwa wote wawili na kuambulia patupu.

Tuanze na juisi, na hapa sitakaa sana. Nenda soko la Mbuyuni alasiri, wakati wachuuzi wanataka kurudi nyumbani, uchukue ndizi ambazo maganda yameshaanza kuwa meusi. Hamira haili wanga, inakula sukari, na ndizi ya namna hiyo wanga wake umeshageuka. Kilo 10 zilizomenywa nazichemsha na lita 10 za maji kwa moto wa taratibu mpaka zivurugike, kisha nazitundika ndani ya shuka la pamba usiku kucha. Usikamue! Ukikamua unapata juisi zaidi na nyama ya ndizi ndani yake, na hiyo nyama itakuziba kila mrija ulio nao. Juisi ikipoa, dumbukiza haidromita, kile kipimo kinachoelea na kuonyesha wingi wa sukari. Ikisoma kama 1.045 uko pazuri: hiyo ni sukari kama asilimia 11, itakayokupa kilevi cha asilimia 5 na nusu au 6, na hamira ya mkate inakimudu bila kulalamika. Ikizidi, ongeza maji yaliyochemshwa.

Sasa shanga. Unahitaji alginati ya sodiamu ya daraja la chakula, unga unaotokana na mwani wa kahawia, na kalsiamu kloridi, ile wanayotumia watengeneza jibini. Siri ni moja tu: alginati ikiwa na sodiamu ni uji, ikikutana na kalsiamu inaganda papo hapo. Tone la uji likiangukia kwenye maji ya kalsiamu linakuwa punje kabla halijafika chini.

Gramu 20 za alginati kwa mililita 800 za maji ya uvuguvugu. Nyunyiza kidogo kidogo huku unakoroga, kama unavyonyunyiza unga wa uji, vinginevyo utapata mabonge ambayo hata kesho hayatayeyuka. Tumia maji ya mvua au ya chupa yasiyo na chumvi nyingi, maana maji magumu yana kalsiamu yake na uji utaanza kuganda kwenye sufuria. Funika, lala. Asubuhi mapovu yatakuwa yametoka. Mapovu ukiyaacha, shanga zitaelea kabla hata ya kazi.

Gramu 50 za hamira kavu ziloweke kwenye mililita 200 za maji ya nyuzi 35 hadi 38, na kijiko cha sukari, dakika 10. Ikishaumuka changanya na uji wa alginati mpaka rangi iwe moja. Pembeni weka beseni la lita 3 za maji baridi yenye gramu 20 za kalsiamu kloridi kwa kila lita. Ile chumvi ikiyeyuka inapasha maji moto, kwa hiyo iyeyushe mapema.

Kudondosha ndiyo kazi yenyewe. Natumia bomba la sindano la mililita 20 na sindano ya pinki, namba 18, ambayo ncha yake nimeikata kwa tupa. Mkono uwe juu ya maji kama sentimita 10 hadi 15. Ukishusha sana shanga zinatoka na mikia kama viluwiluwi, ukipandisha sana zinapasuka zikigonga maji. Lita moja ni matone makumi ya maelfu. Mara ya kwanza nilianza baada ya chai ya asubuhi, nikamaliza adhana ya alasiri inasikika, kidole gumba kimekufa ganzi. Siku hizi nimetoboa kifuniko cha chupa ya plastiki, nimechomeka sindano nne kwa gundi, na naibana chupa taratibu. Wajukuu wanagombania zamu.

Kwa nini usidondoshe matone makubwa umalize mapema? Kwa sababu sukari inaingia ndani ya punje kwa kupenya polepole, na kilevi kinatoka kwa njia hiyohiyo. Punje ya milimita 2 au 3 inafanya kazi yote. Punje kubwa kama gololi ina watu wa nje wanaoshiba na wa katikati wanaokaa tu na njaa, na umewalipa wote sawa.

Ziache shanga kwenye maji ya kalsiamu saa moja au mbili zikaze, kisha zisuuze. Bonyeza moja kati ya vidole: iwe kama jicho la samaki aliyepikwa, inarudi ikibonyezwa.

Chombo changu ni chupa ngumu ya plastiki ya lita 3, nimeisimamisha na mrija wa kuingilia uko chini. Shanga ni lita 1, na nafasi iliyobaki siijazi. Hamira inatoa gesi, shanga zinapanda na kushuka, na ukizibana zitaziba njia na kupasua kifuniko. Juisi inaingia chini, inatokea juu kupitia kipande cha chandarua kinachozuia shanga kutoroka. Mrija wa gesi nauzamisha kwenye chupa ya maji ili gesi itoke na hewa isirudi.

Kinachopima mwendo wa juisi ni mrija wa dripu wa hospitali, mpya, wa duka la dawa. Sijaona kifaa cha bei ndogo kilicho bora kuliko hicho. Ndoo ya juisi inakaa juu ya kabati, mrija unashuka, na kwa ile gurudumu ndogo unahesabu matone. Mirija mingi ya kawaida hutoa matone 20 kwa mililita moja. Matone 60 kwa dakika ni mililita 3, yaani mililita 180 kwa saa, zaidi kidogo ya lita 4 kwa siku kutoka kwenye lita moja ya shanga. Siku mbili za kwanza weka matone 30, wenyeji wazoee. Halafu pima kinachotoka: haidromita ikishuka hadi 1.005 au chini ya hapo, ongeza mwendo. Ikikaa juu ya 1.010, punguza. Juisi iwe imechemshwa na kupoa chini ya nyuzi 30 kabla haijaingia, kwa sababu bakteria wa uchachu wakishahamia kwenye shanga huwezi kuwachemsha bila kuichemsha hamira pia.

Hapo nilipofika nilijiona profesa. Wiki ya pili shanga zikaanza kulegea. Wiki ya tatu nikafungua kifuniko nikakuta ute, kama bamia. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimesoma kwamba hamira hupenda chakula cha ziada chenye naitrojeni na fosfeti, nikaongeza kijiko kila ndoo. Fosfeti inaipenda kalsiamu kuliko alginati inavyoipenda. Iliitoa kalsiamu kwenye jeli tone kwa tone, na jeli bila kalsiamu ni uji tena. Sitrati hufanya vilevile, kwa hiyo usiweke unga wa ndimu kwenye juisi. Ukitaka kuongeza uchachu, weka siki yako mwenyewe kidogo.

Nikaacha fosfeti, shanga zikadumu wiki tano, zikalegea tena. Safari hii sikuwa nimeongeza chochote. Nilikaa jikoni nikitazama ganda la ndizi mezani, ndipo nikakumbuka kitu ambacho kila mwanafunzi wa biolojia anakijua: ndizi imejaa potasiamu. Potasiamu nayo inasukumana na kalsiamu, inachukua nafasi yake, na haishiki jeli. Kwa hiyo chakula chenyewe kilikuwa kinafungua kamba za wafanyakazi.

Dawa yake ya haraka ni kuongeza gramu 1 ya kalsiamu kloridi kwa kila lita ya juisi, na kila Jumapili kuziogesha shanga kwenye beseni la kalsiamu kwa saa moja. Inatosha kwa mtu anayeanza. Lakini mimi nilitaka jeli inayoipenda potasiamu, na ipo, tena mwani wake unalimwa Zanzibar.

Wakulima wa mwani kule wanalima hasa aina mbili, kotonii na spinosamu. Spinosamu hutoa karajinani, yaani jeli ya mwani, iliyo laini. Kotonii hutoa karajinani ngumu, na hiyo ngumu inakaza ikikutana na potasiamu. Kotonii siku hizi inasumbua kulima, bahari ikipata joto inakufa, lakini unga wake unapatikana kwa wauzaji wa malighafi za vyakula. Na jambo hili si geni viwandani. Kampuni ya Tanabe Seiyaku ya Japani ilianza mwaka 1973 kutumia bakteria waliofungwa kwenye jeli kutengeneza asidi ya aspatiki (moja ya asidi za amino), kwanza ndani ya jeli ya akrilamaidi, na mwaka 1978 wakahamia karajinani. Jeli ya kwanza ilibakiwa na nusu ya nguvu zake baada ya siku 120 hivi. Karajinani iliyokazwa kwa kemikali iliwafikisha karibu miaka miwili. Tofauti na sisi ni kwamba wao walihitaji kimeng'enya kimoja tu kilichokuwa ndani ya bakteria, hata bakteria asipokuwa na nguvu ya kuzaa. Hamira yetu lazima iwe hai kabisa, kwa hiyo zile kemikali za kukazia usiziguse.

Ninavyofanya: gramu 30 za karajinani ngumu kwenye mililita 800 za maji baridi, pasha hadi nyuzi 80 huku unakoroga, iache ishuke hadi 45. Hapo mimina hamira iliyolowekwa, koroga haraka. Kwa joto hilo inaganda ndani ya sindano kabla hujadondosha hata tone la kumi, na mimi sikuwa na subira. Nikaacha shanga. Namimina kwenye trei iwe na unene wa milimita 3, ikiganda nakata kwa kisu vipande kama dadu ndogo, navitumbukiza usiku kucha kwenye maji ya friji yenye gramu 20 za potasiamu kloridi ya chakula kwa lita. Havipendezi kama shanga, lakini juisi ya ndizi yenyewe ndiyo inayoviweka vigumu. Vipande vyangu vya mwisho vimefanya kazi miezi mitatu, vimechakaa pembe tu.

Nikitumia molasi ya Arusha Chini, ile sharubati nyeusi ya kiwanda cha sukari, badala ya ndizi, sijabadilisha chochote isipokuwa kuipunguza kwa maji zaidi. Nayo ina potasiamu tele.

Sasa mnara. Bakteria wa siki wanataka hewa, nyingi, muda wote. Oksijeni haipenyi mbali ndani ya jeli. Ukiwafunga kwenye punje, wanaofanya kazi ni wale wa ngozi ya nje tu, chini ya robo milimita, na waliobaki wanakufa. Lakini hawa hawahitaji jeli, kwa kuwa wanatengeneza ute wao wenyewe wa kushikia. Unachowapa ni uso wa kukaa. Schützenbach wa Ujerumani alifanya hivyo mwaka 1823 kwa kujaza pipa randa za mti na kumwagia kilevi kutoka juu huku hewa ikipanda kutoka chini. Sisi tuna magunzi.

Chukua magunzi meupe yasiyo na ukungu, chemsha mara mbili ukimwaga maji, anika mpaka yakauke kabisa. Pipa langu ni la plastiki la lita 60. Chini nimetoboa matundu ya hewa pande zote, juu ya kimo cha siki inayokusanyika, na nimeyafunika kwa chandarua kwa sababu ya vile vinzi vidogo vya matunda. Magunzi yanakaa juu ya kichanja cha plastiki. Usiweke waya wa chuma. Mimi niliweka, na siki ya kwanza ilitoka nyeusi kama wino, ina ladha ya msumari.

Mbegu ya bakteria hutaipata kwenye siki nyeupe ya dukani, mara nyingi haina kitu hai ndani. Acha mvinyo wa ndizi kwenye beseni pana chini ya kitambaa, mahali pa kivuli, wiki tatu au nne, mpaka utando wa kijivu utande juu na pua ikuambie. Hiyo siki mbichi ndiyo unalowesha nayo magunzi siku tatu mfululizo.

Mchanganyiko wa kudondosha: sehemu 2 za mvinyo, sehemu 1 ya siki mbichi. Ile asidi ya mwanzo inawafukuza wageni. Dripu tena, juu, lakini iangukie sahani yenye matundu ili matone yasambae na yasipite njia moja. Kinachokusanyika chini kirudishe juu, asubuhi na jioni. Kwangu inachukua siku 5 hadi 7, na Juni na Julai, baridi ya hapa ikishuka kutoka mlimani, inafika 10.

Lakini usidanganyike na baridi ya nje. Chomeka kipimajoto katikati ya magunzi. Lita moja ya kilevi ikigeuka kuwa siki inatoa joto la kutosha kuchemsha ndoo nzima ya lita 20. Kwenye pipa dogo linatoka lenyewe, kwenye pipa kubwa linakaa katikati. Kati ya nyuzi 26 na 30 ni pazuri. Ikikaribia 35, ongeza mwendo wa matone na punguza mvinyo, kabla katikati hakujafa. Nilichagua dripu badala ya pampu kwa sababu hiyohiyo: umeme ukikatika usiku, maji hayahitaji Tanesco kushuka chini.

Wakati wa kusimamisha usiukisie kwa ulimi. Kilevi kikiisha kabisa, hawa mabwana wanageukia asidi yenyewe na kuila, siki inarudi kuwa maji. Hapa ndipo bureti yangu ya zamani inapata heshima. Mililita 5 za siki, maji ya kuongezea, matone mawili ya fenolfthaleini (rangi ya kuonyesha asidi imeisha), halafu sodiamu haidroksaidi ya moli 0.5 kwa lita mpaka rangi ya waridi ibaki. Zidisha mililita ulizotumia kwa 0.5, zidisha kwa 6, gawanya kwa 5. Ukitumia mililita 8.3 umepata asidi ya asilimia 5. Pima kila siku. Namba ikiacha kupanda, kusanya siku hiyo hiyo, chuja, pasha hadi nyuzi 65 kwa dakika chache, jaza chupa mpaka mdomoni. Na anayewaza kuuchemsha ule mvinyo akusanye mvuke, hilo linaitwa gongo na sheria inalijua.

Desemba inakuja na kila Mchaga anapanda kwao. Nami napanda Kibosho siku 10. Shanga za alginati nazilaza kwenye friji ndani ya maji yenye gramu 5 za kalsiamu kloridi kwa lita, vipande vya karajinani kwenye maji ya potasiamu kloridi, na nikirudi nawapa juisi ya uvuguvugu usiku mmoja kabla ya kuanza kuhesabu matone. Mnara haulazwi. Magunzi yakikauka, bakteria wamekwisha. Naweka ndoo ya lita 10 ya mchanganyiko juu yake, matone 10 kwa dakika, yaani mililita 720 kwa siku, na inatosha mpaka nirudi. Jirani yangu anapita kila jioni kuangalia kama tone linadondoka. Nimemwachia maagizo asifungue kifuniko, kwa kuwa mwaka juzi alitumbukiza mwiko kuona kama imeiva.